Hadithi zina wenyewe? Kuwafundisha watoto habari za Waaborijini wa Sydney

*"Ninaishi Blacktown, magharibi mwa Sydney. Sisi akina mama tunaozungumza Kiswahili, wengi tumetoka Kongo, Burundi na Kenya, tuna kikundi cha watoto kinachokutana Jumamosi. Likizo ijayo nataka tuwapeleke katikati ya jiji tukawafundishe habari za Waaborijini. Nimepata hadithi zao za kuumbwa kwa mito na wanyama, nimeziweka kwa Kiswahili. Tumepanga watoto wapakwe rangi usoni, wachore picha za vitone, na baba mmoja ana dijeridu ya kupuliza. Lakini binti yangu wa miaka 13 anasema si haki, eti mwalimu wake amewaambia hadithi hizo zina wenyewe. Kwetu hadithi husimuliwa na yeyote anayeijua! Na kusema kweli, miaka yote niliyokaa hapa sijaona Mwaborijini hata mmoja, nadhani wamebaki kule jangwani. Je, niache tu? Na kama ni ruhusa, nani anaitoa?"*

Dada yangu, safari msiiache. Kitakachobadilika ni yale mtakayofanya mkifika, na nani atasema nini. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama Waaborijini wapo jijini, na kama hadithi yaweza kuwa na mwenyewe. La kwanza likieleweka, la pili huwa jepesi, kwa hiyo naanzia hapohapo unapoishi.

Jina la Blacktown halikuja hivihivi. Mwaka 1814 Gavana Lachlan Macquarie alifungua shule ya bweni ya watoto wa Kiaborijini kule Parramatta, ikaitwa Native Institution. Mwaka 1823 ikahamishiwa upande wenu, penye ardhi waliyopewa Waaborijini wachache, na walowezi wakaendelea kupaita mji wa watu weusi. Watoto walitengwa na wazazi wao wafundishwe kusoma, dini, kushona na kulima, na kwa kanuni za shule wazazi walikuwa na siku moja tu kwa mwaka ya kuja kuwaona. Eneo la shule hiyo lipo Oakhurst, kando ya Richmond Road. Huenda unapita hapo ukienda sokoni. Mwaka 2018 lilirudishwa mikononi mwa Wadharug, wenye nchi ya magharibi mwa Sydney.

Mmoja wa watoto wa kwanza wa shule ile alikuwa msichana aitwaye Maria, binti wa Yarramundi. Mwaka 1819 ulifanyika mtihani wa pamoja, watoto wa Kiaborijini wapatao ishirini wakishindana na watoto wa Kizungu karibu mia. Tuzo ya kwanza ilikwenda kwa msichana wa Kiaborijini wa miaka 14, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa ndiye huyo Maria. Mwaka 1824 aliolewa na Robert Lock, seremala aliyeletwa kama mfungwa. Hapo ndipo ninapompenda zaidi: mwaka 1831 alimwandikia Gavana Darling kudai ardhi ya Blacktown ambayo kaka yake Colebee, aliyekwisha kufariki, alikuwa amepewa na serikali. Aliambiwa hivi, akaambiwa vile, akapewa kwanza kipande kingine Liverpool, lakini hakuliacha dai lake. Mwaka 1843 ardhi ya kaka yake ikawa yake. Alifariki mwaka 1878, na wajukuu zake waliendelea kukaa hapo mpaka karibu mwaka 1920, serikali ilipowanyang'anya. Wadharug wengi wa leo huhesabu nasaba yao kupitia kwake.

Nimekaa sana kwa Maria kwa sababu ndiye jibu la "sijaona hata mmoja". Blacktown ni miongoni mwa maeneo yenye Waaborijini wengi kuliko yote katika jimbo la New South Wales, na jimbo hilo lenyewe ndilo lenye Waaborijini wengi zaidi Australia nzima. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 812,728 nchi nzima waliojitambulisha kuwa Waaborijini au watu wa visiwa vya Torres Strait, na Sydney pekee wako takriban 90,000. Umewaona, dada. Umepanda nao treni, pengine nesi aliyempima mwanao ni mmoja wao. Hukuwatambua kwa sababu picha uliyonayo kichwani ni ya mzee wa jangwani mwenye mkuki, ilhali uzao wa Maria na Robert unaweza kuwa na ngozi nyeupe na jina la Kiingereza na bado ukawa wa Kidharug kamili. Hawajihesabu kwa robo wala nusu. Zamani serikali ndiyo iliyowahesabu hivyo, ili ijue nani wa kuchukuliwa mtoto, kwa hiyo swali la "wewe ni Mwaborijini kiasi gani?" huwachoma vibaya. Waambie watoto wasiliulize kabisa.

Sababu nyingine ya kutowaona ni historia. Mwaka 1789, mwaka mmoja tu baada ya meli za Waingereza kutia nanga, ndui iliua watu wengi mno kuzunguka bandari. Inakadiriwa nusu yao walikufa. Waliobaki walisukumwa pembeni. Kuanzia mwaka 1883 ikawapo Bodi ya Ulinzi ya jimbo, ambayo kazi yake halisi ilikuwa kuwaweka kwenye makambi nje ya miji na kuchukua watoto wao. Familia nyingi zilijifunza kujificha, zikasema ni Wamaori au Wahindi ili wasinyang'anywe watoto. Hata hivyo, La Perouse, upande wa Botany Bay, jamii ya Waaborijini haijawahi kuondoka tangu kabla ya 1788 hadi leo. Na kuanzia miaka ya 1920 wengine wakarudi jijini kutafuta kazi kwenye karakana za reli na viwanda, wakakaa Redfern. Hapo Redfern walianzisha huduma yao ya sheria mwaka 1970, zahanati yao mwaka 1971 na shirika lao la nyumba mwaka 1973, kabla mtu yeyote hajawaletea. Sasa ukiwapeleka watoto mjini ukawaambia "hapa zamani waliishi Waaborijini", utakuwa umewafundisha kosa kwa nia njema.

Sasa hadithi. Usemi wako kwamba kwetu anayeijua anaisimulia ni kweli kwa Sungura na Fisi. Lakini hata kwetu si kila kinachojulikana husimuliwa: ya jandoni hayatoki nje, na mambo ya unyago mwanamume haulizi. Kwa Waaborijini, hadithi ya jinsi mto ulivyoumbwa hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Inaeleza njia ya kupita na mahali pa kupata maji. Inaweka sheria ya nani amuoe nani, na samaki gani asivuliwe msimu gani. Zaidi ya yote, inaonyesha ardhi ile ni ya nani, maana anayeijua na mwenye haki ya kuisimulia ndiye mwenye wajibu wa kuitunza. Watu ambao hawakuwa na hati za karatasi, hati yao ndiyo hiyo. Ndiyo maana haki ya kusimulia hupewa mtu kwa ukoo wake, umri wake na jinsia yake, na hadithi moja huwa na tabaka: ya watoto, ya watu wazima, na ile ambayo haitolewi kabisa.

Mahakama za Australia zimewahi kukutana na jambo hili. Mwaka 1994 kampuni moja ya Perth ilishindwa kesi kwa kuingiza mazulia yaliyofumwa Vietnam, yenye picha zilizonakiliwa kutoka kazi za wachoraji wa Kiaborijini. Wachoraji walieleza mahakamani kwamba hasara yao haikuwa fedha tu. Picha zile zilibeba hadithi za koo zao, na wao waliozichora kwa idhini wangelaumiwa na wazee kwa kutozilinda, wakati watu wakizikanyaga sebuleni. Mahakama iliamuru walipwe fidia. Lakini sheria ya hakimiliki humlinda mtu mmoja mmoja, na kwa muda maalumu. Hadithi ya ukoo ya miaka elfu haiingii vizuri humo. Kwa hiyo hakuna polisi atakayekukamata kwa kusimulia. Linalokuzuia ni heshima, na ninavyokusoma, heshima unayo.

Hizo hadithi ulizozipata zina kasoro ya ziada. Vitabu vingi vya zamani vilivyoandikwa na Wazungu vilikusanya hadithi bila kutaja za nani wala za wapi, vikazikatakata na kuzichanganya. Ukisimulia pale bandarini hadithi iliyotoka kilomita elfu mbili mbali, watoto watadhani Waaborijini ni watu wa aina moja, ilhali mwaka 1788 walikuwa na lugha zaidi ya 250. Hapo ndipo vitone na dijeridu vinapokosea. Uchoraji wa vitone unaojulikana duniani ulianzia Papunya, katikati ya jangwa, mwaka 1971. Dijeridu ni ya kaskazini kabisa, Arnhem Land na jirani zake. Kuvitumia kueleza Sydney ni kama kumvika mtu shuka la Kimasai ukawaambia wageni huyu ndiye Mswahili wa Lamu. Rangi za usoni nazo achana nazo moja kwa moja. Kila mchoro wa mwilini una mwenyewe na siku yake, na sehemu nyingine ni wa msiba.

Usije ukafikiri nakunyang'anya kila kitu. Kuna tofauti kati ya hadithi zenye wenyewe na historia iliyo wazi kwa wote. Habari za Maria nilizokupa ziko kwenye kumbukumbu za umma. Wewe na mimi tunaruhusiwa kuzisimulia, mradi tuzisimulie kwa ukweli na kwa adabu. Jiji limejaa mambo ya namna hiyo, na siku moja haikutoshi.

Anzia Opera House. Rasi ile inaitwa Bennelong Point, kwa jina la mwanamume aliyetekwa kwa amri ya Gavana Phillip mwezi Novemba 1789 ili Waingereza wapate mtu wa kujifunza kwake lugha na desturi. Alitoroka, akarudi kwa hiari yake, na mwaka 1790 akajengewa nyumba ya matofali hapohapo. Mwaka 1792 alikwenda London pamoja na kijana Yemmerrawanne, aliyefia huko; yeye alirejea mwaka 1795. Wengi humsimulia kama mtu aliyepotea kati ya dunia mbili. Mimi naona alikuwa mwanasiasa, aliyemfanya gavana kuwa ndugu ili ambebeshe wajibu wa ndugu. Kabla ya hayo yote, rasi ile ilikuwa na malundo makubwa ya maganda ya chaza na kome, mabaki ya vyakula vya vizazi kwa vizazi. Walowezi hawakuwa na mawe ya chokaa karibu, wakayachoma maganda yale kupata chokaa. Maana yake kuta za kwanza za Sydney zilishikamanishwa kwa masalia ya karamu za watu wa Gadigal, wenye nchi ya katikati ya jiji. Watoto wa pwani wataona mara moja kilichofanyika.

Juu yake kidogo, kwenye nyasi za mwinuko ule, pana sanamu iitwayo *bara* ya msanii Judy Watson, iliyowekwa mwaka 2022. Ni umbo la ndoana ya gamba la konokono wa bahari. Ndoana hizo zilitengenezwa na wanawake, maana kuvua kwa mshipi kwenye bandari hii ilikuwa kazi yao, ndani ya mitumbwi ya magome ya mti, mtoto begani na moto mdogo ukiwaka juu ya udongo ndani ya mtumbwi. Hapo mtaje Barangaroo, mke wa Bennelong, mvuvi wa ukoo wa Cammeraygal, ng'ambo ya kaskazini ya bandari. Alikwenda nyumbani kwa gavana bila kukubali kuvaa nguo za Kizungu. Mwaka 1791 walowezi walipomcharaza viboko mfungwa aliyeiba vifaa vya uvuvi vya mwanamke wa Kiaborijini, wakidhani wanawafurahisha wenyeji, Barangaroo alishika fimbo akamtishia mchapaji. Alifariki mwaka huohuo. Leo jina lake limebandikwa kwenye mtaa wa maghorofa ya mabenki na kasino. Kama kuna heshima ndani yake, mimi bado naitafuta. Ile bustani iliyofunguliwa mwaka 2015 upande wa kaskazini wa mtaa huo ni nzuri, na watoto wanaweza kulia chakula hapo.

Kuna pia Patyegarang, msichana aliyemfundisha lugha yake Luteni William Dawes kati ya mwaka 1790 na 1791. Madaftari ya Dawes, yenye maneno na hata mizaha yao, yamehifadhiwa SOAS, London, chuo kilekile kinachotunza miswada mingi ya tenzi za Kiswahili. Leo lugha ya Sydney inapofufuliwa, madaftari hayo ni nguzo mojawapo.

Kama mna muda, piteni 150 Elizabeth Street. Tarehe 26 Januari 1938, Sydney ikisherehekea miaka 150 ya kuwasili kwa meli, Waaborijini wapatao mia walikutana kwenye ukumbi wa hapo, wakaiita Siku ya Maombolezo, wakadai haki za uraia. Na Hyde Park, hatua chache kutoka hapo, zipo sanamu za risasi kubwa za msanii Tony Albert, nne zimesimama na maganda matatu yameanguka, kwa ajili ya askari wa Kiaborijini waliopigania nchi iliyokuwa haijawapa haki zao.

Ukishasimulia hayo, bado kuna sehemu moja ambayo wewe huwezi kuijaza, na usijaribu: hadithi za nchi yenyewe. Hiyo mlipe mwenye haki ya kuisimulia. Watembezaji wa Kiaborijini wapo The Rocks, wapo kwenye Bustani ya Mimea ya Kifalme, na shirika la Tribal Warrior la Redfern lina boti ya kutembeza watu bandarini. Najua kikundi chenu hakina fedha nyingi. Lakini saa moja na mtu aliyezaliwa na hadithi ile inashinda siku nzima ya rangi na vitone, na watoto wataona kwa macho yao kwamba Waaborijini wapo. Kama fedha haitoshi kabisa, vitabu vya watoto vilivyoandikwa na Waaborijini wenyewe vipo maktaba. Soma kama kilivyoandikwa, taja mwandishi na watu wake, na usichapishe tafsiri yako bila idhini.

Ruhusa, basi. Kwa kufanya matembezi na kusimulia historia ya wazi huhitaji ruhusa ya mtu. Unachoweza kufanya ni kutamka mwanzoni kwamba mko kwenye nchi ya nani, hilo hufanywa na yeyote, hata kwa Kiswahili: "Tuko kwenye nchi ya watu wa Gadigal, tunawaheshimu wazee wao waliotangulia na waliopo." Kuwakaribisha wageni rasmi kwenye nchi ile ni kazi ya wenyewe tu, usiifanye wewe. Ukitaka hadithi, wimbo au ngoma, katikati ya jiji utauliza baraza la ardhi la Waaborijini, Metropolitan Local Aboriginal Land Council, na kwenu Blacktown ni baraza la Deerubbin. Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1983, na Mwaborijini huweza kuwa mwanachama kwa kuishi eneo hilo, hata kama babu zake si wa hapo. Kwa hiyo mjumbe wa baraza si lazima awe Mdharug, na koo za Kidharug zina mashirika yao. Ukisikia hawa wakisema lile na wale hili, usiamue wewe nani mkweli. Waulize wote, shukuru, kaa kimya.

Mambo mengine matatu ya tahadhari. Majina na picha za marehemu huwaumiza watu katika jamii nyingi, kwa hiyo msioneshe picha za waliofariki karibuni bila kuuliza. Mkienda kuona michoro iliyochongwa kwenye miamba, kama ile ya Balls Head yenye mnyama mkubwa wa baharini na mtu ndani yake, msiikanyage wala kuipaka chaki ili ionekane. Inalindwa na sheria, na miguu ya watalii inaimaliza. Na la tatu ndilo linalonihangaisha: baadhi ya watoto wenu wamepita kambini na wengine walitengana na wazazi njiani. Habari za watoto waliochukuliwa zinaweza kuwagusa mahali usipopajua. Kwa wadogo eleza kwa ufupi, usiwaigizishe kutengwa, na mama mmoja awe huru kumtoa pembeni mtoto atakayenyamaza ghafla. Akiendelea kukosa usingizi au kuogopa baada ya siku chache, mpeleke kwa mshauri wa shule au kwa daktari wenu, wala usingoje.

Binti yako mpe kazi ya kusimulia habari za Maria. Ameonyesha ana sikio. Mtembezaji akiwa mzee, huenda wengine watamwita Aunty au Uncle. Kwetu hilo ni jepesi, lakini subirini mtambulishwe hivyo kwanza. Panga mapema, na ukiweza epuka wiki ya NAIDOC mwezi Julai, ya kuadhimisha Waaborijini na utamaduni wao, kwa sababu wakati huo kila shule na kila ofisi inawatafuta watu walewale. Unapopiga simu taja idadi ya watoto, umri wao, na kwamba wengine Kiingereza chao bado ni kichanga ili msimuliaji ajue utakuwa ukitafsiri. Uliza bei, na uliza kama mnaruhusiwa kurekodi. Akisema hapana, simu zikae mkobani.